Harufu ya Gari ya Mama Kiden

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua gereji saa moja na nusu. Kitambaa chenye petroli puani, kama kila asubuhi. Hakuna kitu. Kitunguu alichonikatia Halima: machozi yametoka, harufu haikuja. Nimekitupa.

Mwaka mmoja na miezi minne sasa. Ilianza na mafua, kisha homa ya wiki tatu. Nilipoinuka kitandani sikusikia tena chai, wala sabuni, wala mvua. Daktari wa Arua alisema mshipa wa harufu huenda ukapona, huenda usipone. Hakuniambia lini niache kungoja.

Anayejua ni Halima, mke wangu, peke yake. Hapa Koboko wananiita Rajab Pua, jina la zamani, kwa sababu nilikuwa nikisimama kando ya gari na kusema: hii klachi, hii oili, hii maji ya rejeta. Hadi leo wananiita hivyo. Kila wakiniita najiona mwizi.

Leo breki za pikapu moja na taa za nyuma za lori. Kazi ya macho na mikono. Namshukuru Mungu kwa breki.

Jumanne, 5 Agosti

Amekuja Mama Kiden. Mtu wa Sudan Kusini, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Omugo. Anafanya biashara ya samaki wakavu: anawachukua Arua, wanakoletwa kutoka ziwani Panyimur, anauza Koboko na kule kambini. Gari nyeupe ya mlango wa kusukuma, injini iko chini ya kiti cha dereva. Si yake peke yake. Ni ya kikundi cha wanawake saba, walichanga miaka minne. Anaiendesha yeye kwa sababu kati yao ndiye anayejua.

"Fundi, gari iko inanuka kuungua. Zaidi mvua ikinyesha."

Nikamuuliza inanuka kama nini.

"Kama samaki. Lakini hii si samaki yangu. Samaki yangu mimi najua."

Nilicheka kidogo, kwa heshima. Gari inayobeba samaki kila wiki, itanuka nini tena.

Nikainua kiti, nikainama juu ya injini, nikavuta pumzi ndefu. Maigizo matupu. Yeye amesimama, anangoja neno langu. Nikasema, "Ni oili." Sikuwa nimeona hata tone.

Jumatano, 6 Agosti

Kumbe oili ipo. Gasketi ya kifuniko cha juu cha injini imekauka kama ganda la muhogo. Oili inatambaa mpaka kwenye ekzosi na kuungua hapo. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Nilikuwa nimebahatisha, na Mungu amenisitiri.

Habari ya mvua nayo nimeipatia sababu: maji ya barabarani yanarukia ekzosi, mvuke unapandisha harufu. Maelezo safi. Nimejiamini mwenyewe.

Gasketi mpya imeingia. Injini nimeiosha. Nimewasha, nimengoja nusu saa. Zamani ningenusa. Leo nimetazama. Moshi hakuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Halima ameleta chakula cha mchana. Nikamwomba ainame kwenye gari, kama mtu anayeangalia tu. Hii ni mara ya saba au ya nane ananinusia. Hajui injini, ila anajua jiko. Akisema sukari inayoungua, najua ni maji ya rejeta. Akisema nywele, najua ni mkanda. Tumeishi hivyo tangu mwaka jana na watu hawajagundua.

Leo amekaa muda mrefu ameinama. Kisha akasema, samaki.

Nikamwambia gari ya samaki hiyo, Mama Amina.

Akasema, "Sawa. Wewe ndiye fundi." Akakusanya vyombo. Halima hasemi neno mara mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Kiden amechukua gari. Nimemwambia imekwisha. Ameniombea baraka, kwa imani yake. Nikaenda swala nikiwa mwepesi.

Jumanne, 12 Agosti

Amerudi. Inanuka bado. Jana mvua ilimkuta njiani, taa zimewaka, wipa zinafanya kazi, feni ya kufuta ukungu iko juu, harufu ikajaa ndani mpaka akafungua vioo akalowa.

Taa, wipa, feni. Ameniambia hivyo, kwa mpangilio huo. Naandika ili nikumbuke kwamba niliambiwa.

Nimebadilisha mkanda wa altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari. Ulikuwa umechakaa kidogo, si sana. Nilihitaji kubadilisha kitu.

"Sasa imekwisha?" aliuliza.

Nikasema imekwisha.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua. Hakuna kazi. Sikulala vizuri na sitaki kujiuliza kwa nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Siwezi kuandika vizuri. Najaribu.

Asubuhi kwenye saluni ya jirani yetu soketi iliungua. Walikuwa wamechomeka mashine nyingi mahali pamoja. Halima alikuwa huko. Akaja gereji, si kwa habari ya saluni, alikuja kuchukua ufunguo. Akasema akiwa anaondoka, "Ile plastiki ilivyonuka, kama gari ya yule mama kabisa. Samaki ileile."

Niliweka spana chini.

Nilijua. Hili ndilo linaloniua. Ziko plastiki za umeme ambazo zikipata moto polepole hunuka kama samaki. Nimejua hivyo miaka thelathini. Nimewafundisha watu hivyo. Lakini nilikuwa nalijua kwa pua, na pua ilipoondoka iliondoka na ujuzi wake. Wanawake wawili waliniambia samaki. Mmoja akasema si samaki yangu. Na mvua: taa, wipa, feni, vyote vinavuta umeme kwa pamoja.

Nikampigia Mama Kiden. Simu imezimwa. Siku za Alhamisi anaenda Arua kuchukua mzigo. Nikapiga tena. Imezimwa. Nikachukua boda, nikamwambia dereva, barabara ya Arua, usisimame. Mvua ilikuwa inaanza.

Tumepita Maracha, sijaona kitu. Nikaanza kuwa na tumaini. Tulipokaribia Manibe niliona watu wamesimama barabarani na moshi mweusi unapanda katikati ya mvua.

Gari imebaki mifupa. Mama Kiden alikuwa amekaa kwenye nyasi, mama mmoja mkulima amemfunika begani kwa kanga. Mikono yake yote miwili ameiweka mbele yake, viganja juu, haigusi kitu. Alipoona moshi alisimamisha, akatoka, alikuwa salama tayari. Kisha akarudi. Akainua kiti ili aumwagie moto maji kutoka kwenye dumu. Moto ukamrukia mikononi.

Alinitazama. Hakushangaa kuniona hapo. Labda alidhani nimepita tu.

Tulimpandisha kwenye gari ya mtu mpaka hospitali ya Arua. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli na sikumwambia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelala kwa shemeji yangu hapa Manibe. Asubuhi nikaenda hospitali. Mikono imefungwa mpaka viwiko. Muuguzi anasema vidole vitabaki, lakini huenda vingine visikunjike tena.

Nikamwambia yote. Kwamba sisikii harufu tangu mwaka jana. Kwamba niliinama kwenye injini yake nikijifanya. Kwamba Halima alinusa, akasema alichosema yeye, na nikampuuza kama nilivyompuuza yeye.

"Fundi, mimi niko na pua," akasema. "Ungeniuliza tu."

Nilimtengenezea mto, akaniambia niache.

Baadaye akasema jambo jingine. Kambini wameshaanza kusema alikuwa amebeba madumu ya petroli ya magendo, ndiyo maana gari imewaka upesi hivyo. Wenzake wa kikundi wanayasikia. Wengine wanaamini. Gari ilikuwa tupu. Alikuwa anaenda kuchukua samaki.

Akasema, "Wewe kuja Omugo, uwaambie."

Nikasema nitakuja. Nilitamani aniombe kitu kingine. Chochote.

Jumatatu, 18 Agosti

Mabaki ya gari bado yako kando ya barabara. Nimeenda peke yangu na spana. Ilibidi nione.

Altaneta nyuma ina waya nene inayopeleka umeme kwenye betri. Inashikwa kwa nati moja. Nati ile nimeizungusha kwa vidole, bila spana. Imelegea. Basi umeme ulikuwa unapita kwa shida, pale panapata moto, plastiki inaiva kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kila mvua ikinyesha inaiva zaidi. Upande wa nati shaba imeyeyuka kuwa tone. Kipande hicho nimekikata nikakitia mfukoni.

Kuikaza ni kazi ya dakika mbili.

Jumanne ile nilipobadilisha mkanda, mkono wangu ulipita kando ya nati hii. Sikuitazama. Nilikuwa natafuta kitu cha kubadilisha, sikuwa natafuta ugonjwa.

Nilikaa kwenye mawe hapo hapo. Watu wa boda wakawa wanapunguza mwendo kunitazama. Sijali.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefungua gereji. Mwenye lori amekuja, taa zake zimeharibika tena. Akasema, Rajab Pua, sikia hii injini pia, kama inanuka. Nikamwambia leo sina nafasi.

Halima amesema jioni, "Ukienda Omugo, Koboko nayo itajua." Najua. Akasema tena, "Nenda." Hii ndiyo mara ya kwanza namsikia akirudia jambo: alisema nenda, kisha akasema nenda.

Nimemuuliza kama ananilaumu. Akasema alisema samaki akaacha, kwa hiyo na yeye ana sehemu yake. Nimemkatalia. Amekataa kukataliwa. Sina huzuni ya kutosha kwa watu wote hawa.

Jumamosi, 23 Agosti

Omugo.

Walikutana kwenye kanisa lao, la maturubai na miti. Wanawake sita kwenye benchi, na Mama Kiden ametoka hospitali jana, amekaa kando peke yake. Hiyo tu ilinitosha kuelewa. Kiti kimoja mbali na benchi. Mwenyekiti wao ni mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilichosema yeye aliwageuzia kwa Kiarabu cha Juba kwa wasiojua Kiswahili.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea. Nikasema gari haikuwa na petroli. Nikasema ilikuwa nati. Nikatoa kile kipande cha shaba kilichoyeyuka nikakiweka mezani, wakakipitisha mkono kwa mkono kama wanaangalia jino la mtu. Nikasema huyu mama alinieleza ugonjwa wa gari sawasawa, mara mbili, na mimi sikumsikiliza kwa sababu ningemsikiliza ningelazimika kukiri sisikii harufu.

Mwenyekiti aligeuza maneno polepole. Alipofika kwenye pua alisimama, akaniuliza kama amesikia vizuri. Nikasema ndiyo, mama. Sina pua.

Mmoja alicheka. Si kwa ubaya, nadhani. Hakujua afanye nini. Kisha akaanza kulia na kicheko kikiwa bado usoni.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa nini hukusema? Ungetupeleka kwa fundi mwingine. Ni kitu gani hapo kigumu?"

Mbele ya wanawake sita waliokimbia makwao kwa miguu, na watoto mgongoni, nimeulizwa ni kitu gani hapo kigumu. Niliangalia miguu yangu. Nikasema, niliona aibu. Neno dogo kabisa. Hakuligeuza. Wote walikuwa wamelielewa.

Nikasema ninauza mashine yangu ya kuchomelea, na kompresa, na pesa nitawaletea. Wamesema nilete ninachoweza, lakini hawakunisamehe na sikuwaomba. Gari haitarudi kwa kompresa. Wamekaa miaka minne kuitafuta. Mama mmoja alisema sasa ni mzee, hana miaka minne mingine.

Kabla sijaondoka, wawili kati yao waliinuka, wakabeba kile kiti na Mama Kiden juu yake, wakakisogeza mpaka kwenye benchi. Mikono yake haikuweza kushika popote, wakamshikilia kiunoni asianguke. Hakunitazama.

Nilikuja kwa ajili ya hilo. Limefanyika. Sikusikia nafuu yoyote.

Jumatano, 27 Agosti

Koboko inajua. Leo hakuna aliyekuja. Jana pia.

Mwenye lori alipita, akasimama mlangoni, akasema pole, mzee. Akasema baba yake na baba yangu walikuwa kambi moja jeshini, kwa hiyo anaona uchungu. Kisha akaenda na lori yake kwa fundi wa karibu na soko. Nimeiona ikipinda kona.

Nimefagia gereji. Nimefagia tena.

Jumapili, 31 Agosti

Kompresa imeondoka. Mashine ya kuchomelea imeondoka. Mtu wa Yumbe amezichukua. Pesa nimeipeleka Omugo mwenyewe, mwenyekiti ameipokea, akaandika kwenye daftari lao, akanipa maji ya kunywa. Nimemwona Mama Kiden kwa mbali. Binti wa jirani alikuwa anamlisha. Sikukaribia.

Sikitiko langu halina faida kwake. Nimelielewa hilo leo, njiani kurudi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerudisha funguo za gereji kwa mwenye nyumba. Miaka kumi na tisa. Bango langu alikuwa ameshaliteremsha, ameliegemeza ukutani kwa adabu.

Kuna mtu Arua anatengeneza tairi, rafiki wa shemeji. Anahitaji mikono.

Jumatatu, 15 Septemba. Arua

Nimeanza. Nina miaka hamsini na nne na leo nimeelekezwa jinsi ya kukaa kwenye kigoda.

Nalala Manibe, kwa shemeji. Njia ya kuja kazini inapita pale. Wameondoa mabaki ya gari. Imebaki sehemu nyeusi kwenye lami, na nyasi zimeungua kwa umbo la mraba. Nawaambia watu wa boda waende haraka, wanadhani nimechelewa.

Ijumaa, 19 Septemba

Halima amepiga simu. Amina, binti yetu, anauliza kama baba yake anaumwa. Amemjibu kwamba hapana, amebadilisha kazi. Nilimuuliza Halima kama mwenyewe anakula vizuri. Alisema anakula. Hakuna aliyekata simu mpaka salio lilipokwisha.

Jumatano, 24 Septemba

Kazi ya tairi ni rahisi. Unajaza mpira upepo, unauzamisha kwenye beseni la maji, unauzungusha polepole. Pale penye tundu maji yanatoa povu. Unaweka alama kwa chaki, unakausha, unasugua, unabandika. Macho yanatosha.

Mchana ilikuja gari ndogo ya bluu, haikuwa na shida ya tairi. Mwenyewe alikuwa mwalimu, mtu mpole, ameshika funguo kwa mikono miwili. Alisema tangu asubuhi kuna harufu ya kuungua. Tajiri wangu hakuwepo, alikuwa ameenda kula. Wenzangu wa kazi wakanionyesha kwa kidole, kwamba huyu mzee alikuwa fundi wa injini.

Mwalimu akaja mpaka nilipokaa, akaniomba ninuse.

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sisikii harufu. Iliondoka na ugonjwa. Lakini wewe unasikia. Niambie inanuka kama nini."

Akafikiri. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa anapiga nyundo rimu na akaendelea kupiga. Mwalimu akasema kama mpira, labda. Kama mpira na vumbi, akishuka mteremko.

Nikamuuliza kama gurudumu moja linapata moto kuliko mengine. Tukazunguka gari pamoja, tukiyasogelea kwa mgongo wa mkono, moja baada ya jingine. La nyuma kushoto lilikuwa la moto, yale matatu baridi. Breki imekwama. Nikampeleka kwa fundi wa breki, duka la tatu kutoka hapa, nikamweleza yule fundi tulichoona. Mwalimu alishukuru. Nikarudi.

Maji ya beseni yalikuwa machafu. Nikayamwaga, nikajaza mengine.